Siku Longino Aliponiachia Rimoti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Natumaini katekista amekukabidhi barua hii mkononi kama nilivyomwomba, na sasa umekaa kwenye kigoda chako upenuni, na kaka Longino yuko pembeni anakusomea, maana macho yako bado yana ule ukungu. Vipi macho? Daktari alisema urudi lini? Na goti, je? Na kabichi za kule juu, mvua za mwaka huu zimeziacha au zimeziporomosha tena pamoja na udongo wake? Mimi mzima. Baridi ya huku Ujerumani imenichubua midomo lakini haijaniua.

Kaka Longino, za siku nyingi. Soma polepole, Mama asikie vizuri. Habari yako iko mbele, tena ile unayoililia: gemu yetu, sehemu ya nne, imetoka na ninayo. Vumilia kidogo nizungumze kwanza na Mama.

Mama, kazi ni ileile. Nafua mashuka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mashine zenyewe ni kubwa kuliko banda letu la kuku, na shuka likitoka linaunguza vidole. Nakunja na mama mmoja wa Kipolandi. Hajui Kiswahili, mimi sijui Kipolandi, basi tunavutana ncha za shuka na kutikisiana vichwa siku nzima. Wauguzi wanapita koridoni na sare zao safi, wananisalimia kwa heshima kabisa, nami nawapisha na toroli langu. Kila wakipita nakumbuka nafasi yangu ya sekondari kule kwa masista, iliyokwenda na maji. Nitarudi hapo.

Jumatano sifanyi kazi, ndiyo siku yangu ya gemu. Unaikumbuka, Mama? Yule mtu aliyekuwa anapanda majabali na kuingia mapangoni kwenye televisheni yako mpaka ukakosa taarifa ya habari. Sisi tulimwita Kapteni. Nyuma yake alikuwapo mwanamke mshika taa, anayemmulikia na kumwonyesha njia. Longino alicheza sehemu zote tatu, mimi nimekaa nyuma yake mkekani namtafsiria Kiingereza na kumwambia kuna mlango kushoto, kuna mtego mbele. Kila nilipoomba na mimi nishike rimoti, alinijibu bila kugeuza shingo: "We Tekla, tulia. Nikifa nakupa."

Alikufa mara ngapi, Mama! Alianguka, alizama, aliliwa na mamba. Hata mara moja hakunipa.

Sasa kaka ameniandikia kwenye simu kwamba rafiki yake wa Msamvu atamletea hiyo sehemu ya nne, na nisithubutu kumsimulia mwisho. Anasema hata picha zake zikitokea kwenye simu anafumba macho. Ameisubiri miaka. Sawa, kaka. Safari hii huwezi kufumba macho, Mama anataka kusikia. Endelea kusoma.

Sehemu ya nne humchezi Kapteni. Unamcheza mshika taa. Kapteni alimwacha chini kwenye pango lililobomoka, akatoka na taji peke yake, akapokewa mjini kwa ngoma. Mwanamke akachimba mpaka akatoka, na gemu nzima ni yeye anamfuata huyo bwana. Anamfuata jangwani, anamfuata kwenye theluji. Nilimfuata naye, Mama, kwa moyo wangu wote. Mwishoni Kapteni ananing'inia kwenye daraja la kamba, mkono wake mmoja umeshikwa na mshika taa, na analia, anasema nisamehe. Hapo unachagua, ubonyeze umvute au uachie.

Nikaachia. Kisha nikarudisha nyuma nikaachia tena. Jumatano iliyofuata nikakaa tena na chai yangu nikamwachia mara nne. Kapteni wako amekufa, Longino, amekufa akilia, na baada ya hapo ni majina ya waliotengeneza gemu tu yanapanda. Mwambie rafiki yako wa Msamvu asijisumbue.

Nilidhani nitatulia. Sikutulia. Yule ni mtu wa kuchorwa, hajawahi kula kwenye sahani moja na mimi. Halafu mwezi uliopita nikapiga simu kukujulia hali, nikamsikia Longino anamfokea binti yake Agnesi: "Acha hiyo rimoti! Shangazi yako alichoma jiko la bibi kwa ajili ya gemu!" Na mtoto akacheka. Miaka yote hii mnaniita Mchoma Jiko. Kwenye harusi ya Longino mshereheshaji alinitambulisha kwa jina hilo ukumbi mzima, na bwana harusi ndiye aliyecheka kuliko wote. Nilinyamaza. Kwa Agnesi sinyamazi. Siku hiyohiyo nikatafuta karatasi.

Kwenye simu nisingeweza. Simu ni ya Longino, anaishika yeye, na kila nikianza tu kutaja jiko, mtandao unakatika. Mtandao wa hapo kwetu Bigwa una akili sana.

Basi sikiliza, Mama. Siku ile ulishuka sokoni na mchicha. Maharage uliyaacha motoni, ukamwambia Longino aangalie moto, mimi ukanituma kusaga. Mashineni kulikuwa na foleni, nikachelewa. Nimerudi na mfuko wa unga kichwani, nikautua mlangoni, nikamkuta Longino amesimama katikati ya chumba, macho yamemtoka. Sikujua ameona nini dirishani, upande wa jiko letu la nyasi. Akanisukumia rimoti mikononi. "Haya, shika. Leo zamu yako. Mimi natoka kidogo."

Mama, nilifurahi. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko fimbo zako. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesubiri tangu sehemu ya kwanza, nikakaa mkekani, nikamtembeza Kapteni hatua chache kwenye daraja, na nilikuwa nacheka kwa sauti. Sikusikia nyasi zikiwaka. Nilisikia majirani wanapiga kelele, kisha nikakuona wewe mlangoni na kapu lako. Longino alikuwa tayari nje anabeba ndoo za maji, jasho linamtiririka, shujaa. Akakwambia: "Nilimwachia Tekla moto tangu muda, akakaa kwenye gemu." Na mimi huyo, rimoti mkononi.

Nilikwambia ndiyo kwanza naingia. Hukuniamini. Ulinichapa, kesho yake ukanipeleka Gairo kwa mama mdogo ili gemu initoke kichwani. Miaka miwili nikamenya karanga mpaka vidole vikatoka malengelenge, na masista wakampa mwingine nafasi yangu. Longino alibaki na televisheni.

Lakini ule unga, Mama. Uliuruka mlangoni ukiingia kunikamata. Unga ukitoka mashineni hukaa na joto, unajua wewe kuliko mimi. Ule ulikuwa bado wa moto. Ungeuweka mkono tu, ungejua nimeingia muda gani. Hukuugusa. Nimekukasirikia na wewe pia, Mama yangu, na nakwambia leo kwa mara ya kwanza, nakupenda na nimekukasirikia.

Sitaki kusikia kwamba tulikuwa watoto. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita na ndevu zake tatu. Namtaka Longino aseme kwa mdomo wake, mbele yako, kwamba aliyeuacha moto hakuwa Tekla. Ndiyo maana barua hii naituma kwako, na msomaji wako ni yeye.

Nisalimie mama mdogo wa Gairo, mwambie sijamsahau, alinipa ugali bila kunisimanga. Nisalimie mjomba, kaka yako mkubwa, ambaye peke yake aliwahi kuniuliza ilikuwaje. Nisalimie wifi yangu, mke wa Longino, asinielewe vibaya. Na Agnesi mwambieni gemu yangu nikirudi ni yake, na rimoti atashika yeye tangu mwanzo. Baba yake atakaa nyuma mkekani amwonyeshe milango.

Neno la mwisho, Mama. Nimemwomba katekista apite kwako Jumapili baada ya misa, anywe chai, akusomee barua hii upya kuanzia juu mpaka chini. Itunze wewe mwenyewe, ifunge kwenye pindo la khanga, usimpe mtu akuwekee. Akisoma yaleyale uliyoyasikia leo, basi kaka yangu ameniheshimu kwa mara ya kwanza. Ukisikia jambo jipya, utajua ni wapi aliruka.

Longino, kama uliruka, Mama bado amekaa hapo. Rudi pale kwenye unga.

Ni mimi binti yako,
Tekla