Viraka Vyeupe

Chonyonyo, 8 Februari 1953

Wifi yangu Adelgunda,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku tuko salama kwa kiasi chetu. Kaka yako Melkiory anakohoa, mbuzi wawili wamezaa, na mgongo wangu ni ule ule. Sijui nyie huko Bukoba, wewe na mumeo, na hilo ziwa lenu linalowapulizia baridi.

Furushi la vipande limefika juzi na lori la Elpidius. Mwambie mumeo Rwegoshora aendelee kuwashonea makarani suruali, maana mabaki ya kaki hayajawahi kunitosha. Nina mablanketi matatu mkononi na hakuna hata moja linalokaribia kwisha. La kwanza ni la kaki na kaniki, la Melkiory, zito, la kumfaa mtu mwenye kifua. La pili ni la pembetatu, nyekundu kwa nyeupe, nililianza mwaka juzi nikiwa bado najidanganya kwamba nina nguvu. La tatu sijui hata ni la nani. Ni vipande tu ambavyo sikuwa na moyo wa kuvitupa.

Watu wakipita wananiambia, "Kokuhirwa, blanketi zimejaa dukani, unajitesea nini?" Mimi natunga uzi. Asubuhi niko kwenye mibuni, mchana namenya ndizi, jioni nafuata maji. Ile saa moja baada ya chakula, nikikaa kizingitini na sindano yangu niliyofundishwa na Masista, ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayeniita. Nayo siku hizi naimaliza kwa kusinzia.

Mama yako, ambaye ni mama yangu pia tangu nilipoingia nyumba hii, ndiye ananichambulia vipande. Macho yanamwacha, lakini furushi likifika lazima aanze yeye. Anapapasa, anatoa kipande kimoja, anakificha chini ya mto. Ana kazi yake anayoishona akiwa amenipa mgongo, kwa mishono mirefu kama ya kushonea gunia. Nikiuliza ananiambia haya hayanihusu. Kisha anauliza lile lile, "Adelgunda anakuja lini?" Nami nakuuliza wewe.

Wifi yako,
Kokuhirwa

---

Bukoba, 1 Machi 1953

Shikamoo wifi,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kaka anakunywa ile dawa badala ya kuitazama. Sisi tunamshukuru Mungu. Rwegoshora ana kazi mpaka anashona na pini mdomoni hata wakati wa kula.

Nimecheka peke yangu kwa habari ya mablanketi yako matatu. Wifi, utakufa umeacha mapindo wazi! Nakutumia furushi jingine. Ile nyekundu ni ya pazia la bwana mmoja wa ofisini ambaye mkewe aliikataa. Humo kuna kaki, drili nyeupe, na kipande cha satini ya bibi arusi, kidogo lakini kinang'aa. Mpe Mama akipapase.

Kuhusu kuja, mwambie Pasaka. Safari hii kweli. Nimeshamwambia Rwegoshora na hakukataa. Nitakuja na sukari na sabuni ya kipande, na nitakushikia hilo la pembetatu upande mmoja, ushone haraka uondokane nalo.

Mwambie Mama nampenda.

Wifi yako,
Adelgunda

---

Chonyonyo, 20 Aprili 1953

Adelgunda,

Salamu. Tu wazima. Melkiory anapumua vizuri kidogo.

Jumamosi Kuu nilimchoma kuku nikamfunika. Mama alitaka akae barabarani tangu saa nne, nikamwekea kigoda na mwavuli. Lilipita lori la Elpidius, likapita na la Mhindi, yakapita na mabaiskeli. Saa kumi nikamrudisha ndani. Kuku tulimla Jumatatu akiwa amekauka. Sikuandikii haya ili ulie. Nakwambia kwa sababu ni mimi niliyekibeba kile kigoda kwenda na kurudi.

Blanketi la pembetatu limeharibika. Ile nyekundu ya pazia sikuilowesha kwanza, nikaishona hivyo hivyo kwa haraka zangu. Nilipolifua, rangi ikatoka ikaingia kwenye nyeupe yote. Sasa lina rangi ya ufizi. Miaka miwili, wifi. Nililianika nikakaa chini kulitazama, na sikuwa na nguvu hata ya kukasirika. Kesho nitaanza kulifumua, niokoe kaki nilizoweka kwenye kona.

Furushi la mwezi huu halijaja. Mama ameuliza mara mbili.

Wifi yako,
Kokuhirwa

---

Bukoba, 9 Agosti 1953

Shikamoo wifi,

Najua ukiona mwandiko wangu utaguna. Una haki. Miezi minne sijaandika wala sijatuma hata uzi. Hatuumwi. Sina cha kusingizia.

Wifi, nitakwambia, na naomba ubaki nayo mwenyewe. Nilipokuja mara ya mwisho, mwaka 1949, kwenye ubatizo wa mtoto wa Placida, nilivaa gauni langu la kijani lenye mshipi. Umelisahau labda, mimi sijalisahau. Mama alinijia mbele ya wanawake wote, akaniwekea kiganja tumboni, akasema, "Humu bado hamna mtu?" Wakacheka. Hata wewe ulitabasamu, nilikuona. Sikulala. Tangu siku ile nikisema nakuja, nafika mpaka kufunga mzigo, halafu nakisikia kile kiganja. Nafungua mzigo.

Sasa ni miaka kumi na moja ya ndoa na bado hamna mtu. Rwegoshora hasemi neno. Ndiyo maana natuma vipande. Vipande haviulizwi kitu.

Furushi hili ni kubwa kuliko yote. Kuna kanzu, kuna sare za shule, kuna maua madogo ya njano. La Septemba nitalituma pia, naahidi.

Pole kwa pembetatu zako.

Wifi yako,
Adelgunda

---

Chonyonyo, 15 Novemba 1953

Adelgunda wifi,

Salamu nyingi. Naandika kwa kifupi, mkono umechoka.

La Septemba lilifika. La Oktoba halikuja, na Novemba tumeshafika katikati. Senene wameanza kuanguka na watoto wa jirani wanampa Mama mkononi, lakini hataki kula. Uji nao anameza vijiko vitatu tu. Miguu imevimba. Cassian katekista amekuja kusali naye.

Mama anasema uje. Amenituma niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie aje. Sitamuuliza kitu." Ameyarudia mara mbili nikiwa nimeshika kalamu, akanitaka nimsomee kama nimeyaandika.

Mimi nageuza mgonjwa, nachuma kahawa iliyoiva yote kwa mara moja, napika, nafua. Mablanketi yangu yako kwenye kamba, yanakula vumbi. Njoo hata kwa siku mbili.

Wifi yako,
Kokuhirwa

---

Bukoba, 19 Januari 1954

Kokuhirwa,

Nimefika salama, kama unataka kujua.

Kwamba sikumzika mama yangu, nitalibeba mwenyewe. Habari ilinifikia Jumanne, mvua ilikuwa imekata barabara ya Kyaka, nikafika siku ya nne. Sikulaumu kwa hilo.

Lakini sanduku. Nililifungua mbele ya shangazi ili nichukue nguo za mama yangu, kama binti yeyote anavyofanya matanga yakiisha, nikakuta kanga moja. Moja! Na chini, vipande, vipande, pindo la gauni lake la kanisani limekatwa kwa mkasi. Nikakuuliza, ukanitazama tu. Nikakuuliza tena, ukaenda kuteka maji.

Miaka miwili nimekutumia mabaki ya duka zima, hayakukutosha? Ulikuwa unamkata akiwa bado anapumua, au ulingoja afe kwanza? Nilitaka gauni lake moja tu, zima, lenye harufu yake. Hukuniachia. Umemshona mama yangu kwenye yale mablanketi yako yasiyokwisha, na watu watayalalia.

Usingoje furushi tena.

Adelgunda

---

Chonyonyo, 28 Machi 1954

Wifi yangu Adelgunda,

Salamu. Sisi ni wazima. Natumaini na nyie. Nimekaa na barua yako miezi miwili, si kwa kiburi. Kila nikishika kalamu nasinzia. Tangu Mama aondoke nalala kama mtu aliyepigwa, na nikiamka nimechoka vile vile.

Siku ile ya sanduku nilikuwa sijalala siku nne. Ulipoanza kupiga kelele sikuwa na nguvu ya kueleza. Tena nitasema kweli, nilikuwa nimekukasirikia. Nikasema moyoni, acha aumie kidogo. Nimelitubu hilo kwa padre, sasa nalitubu kwako.

Nguo sikukata mimi. Alikata Mama mwenyewe.

Unakumbuka kipande alichokuwa anakificha kila furushi likifika? Furushi la kwanza ulituma Machi mwaka 1952, nilipokuomba mabaki. Siku ile Mama alichukua kipande chako kimoja, akafungua sanduku, akakata kipande katika kanga yake, akaviweka pamoja, akaanza kushona. Tangu hapo, kila mwezi, kipande chako na kipande chake, ubavu kwa ubavu. Akimaliza alikuwa ananiambia, "Huyu amefika." Mimi nilikuwa namtungia uzi tu. Mara moja nilitaka kufumua mishono yake ili niinyooshe, akanipiga kwa kidole chenye subana yake ya chuma ya kushonea. Nina alama mpaka leo.

Ulipoacha kutuma aliniomba kitambaa cha amerikani nyeupe. Nilidhani amepungukiwa vipande tu. Kumbe mwezi usio na furushi alikuwa anashona kipande chake, na pembeni yake anashona cheupe. Oktoba sikuvumilia. Nikatoa kipande kwenye akiba yangu nikamdanganya, "Mama, furushi limekuja." Akakipapasa kwa kidole gumba, polepole, akasema, "Hiki ni cha mwaka jana, nilishakishika." Akanirudishia, wala hakugomba. Akaniomba nyeupe.

Siku hiyo hiyo nilitoa siri yako. Nilimsomea barua ya Agosti, na habari ya kiganja. Alipapasa vile vyeupe kimoja kimoja mpaka ng'ombe wakarudi. Kisha akasema, "Mimi nilidhani namtania. Kumbe ni mimi niliyemfukuza." Akaniomba nimletee gauni la kanisani, akalikata mwenyewe kwa kupapasa, na ndiyo maana pindo lile limekwenda upande. Ndipo aliponituma niandike yale maneno ya Novemba.

Nami nilitabasamu siku ile ya ubatizo, ni kweli. Nisamehe.

Blanketi lilikuwa kwenye gunia la kahawa nyuma ya mlango siku zote ulizokaa hapa. Nimelihesabu: vipande vyako ni kumi na tano, na vyeupe ni saba. Bitana yake ni rubugo, lile gome la mti alilojifunga mama yake. Kona moja iko wazi. Alisema kanga ile moja uliyoikuta sandukuni isikatwe kabla, ni ya kona hiyo, na pembeni yake kiwekwe utakachokuja nacho siku utakapokuja. Ni wewe wa kuishona, si mimi.

Silitumi kwa Elpidius. Vitu vya kutumiana vimetosha. Likikaa hapa mpaka panya walitoboe, basi, mimi sina nguvu ya kukubembeleza zaidi ya barua hii. Mlango unaufahamu.

Wifi yako,
Kokuhirwa

---

Bukoba, 9 Aprili 1954

Shikamoo wifi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama dukani, nikakaa chini kwenye mabaki ya kaki, na Rwegoshora akafunga mlango wateja wasinione.

Yale maneno ya Novemba sikuyaamini. Nilidhani ni wewe umeyatunga ili nije kukupokea kazi. Niliikunja barua nikaitia ndani ya kitabu cha sala, nikasema nitajibu Krismasi ikipita. Sitakuandikia zaidi juu ya hilo, nitakwambia nikiwa nimekushika mkono.

Vile saba vyeupe usivifunike, hata ukipata kitambaa kizuri namna gani. Nataka nivilalie hivyo hivyo.

Vipande vyote nilivyokuwa natuma vilikuwa vya nguo za watu, wifi. Hakukuwa hata na kimoja changu. Jana nimelitoa lile gauni la kijani, nikalikata pale mbele, chini ya mshipi, mahali Mama alipoweka mkono. Kinatosha kona. Sikukitia bahasha, ninacho mfukoni.

Nasafiri Jumatano, nitafika kabla ya Alhamisi Kuu. Usichinje kuku, mwaka jana ulichoma bure. Ukikuta nimefika na wewe umelala, endelea kulala, mimi nitafuata maji. Nitafutie subana ya Mama.

Elpidius ameniuliza furushi liko wapi. Nimemwambia safari hii halipo, mahali pake nitakaa mimi.

Wifi yako,
Adelgunda