Pwani ya Kaskazini ya Babu Okiror

Jerusha, uko? Acha hizo sahani kwanza. Bibi Anjeline amemwanika babu mbele ya ukoo mzima!

Unajua vile mimi hukuringia kwamba babu Okiror alikuwa anaijua mvua kabla ya mawingu? Uongo. Uongo mtupu!

Ni Juni 1976, hapa Malaba. Wakwe wanakuja baada ya wiki mbili kumposa mama yangu. Babu anasikia redioni: "Pwani ya kaskazini itakuwa kavu mwezi mzima." Anatoa wimbi lote la ugali wa wageni, anaanika uani.

Bibi akamwambia, "Mzee, hao wanasema Lamu."

"Kwani ziwa letu halina pwani? Na sisi tuko upande gani wake, kusini?"

KUSINI, Jerusha!

Saa nane mvua ikashuka. Wimbi likalowa lote, na kwa kukosa jua likaota ndani ya magunia. Babu akanywea kama kuku aliyenyeshewa.

Lakini wimbi lililoota si ndilo kimea? Bibi akalikausha jikoni, akapika pombe. Wakwe walikuta ugali haba, ila chungu cha pombe na mirija ya kuinywea tele. Kufika jioni wameongeza kwenye mahari ndama ambaye hakuna aliyemwomba!

Babu akasimama: "Mimi niliiona hiyo mvua ikija."

Bibi akaongeza maji ya moto chunguni ili pombe isikatike. Siri hiyo ameifungua leo tu.

Tumemgeukia babu, miaka themanini na tisa, anakunywa chai yake polepole.

"Lakini si ilinyesha?"