Marlys na muziki wa baba yake

Gwen, leo mimi na Marlys tulikwenda kwa baba yake, mzee Harlan, kwenye nyumba ya wazee kule Paramus.

Unajua mzee huyo ndiye aliyetengeneza zile santuri za kutuliza watoto wachanga kwa mashine za umeme, miaka ya sitini. Mlio mmoja, tii-to, tii-to, mpaka upande wa santuri unaisha. Marlys ndiye mtoto aliyejaribiwa nazo. Akilia, mzee anawasha mashine na kufunga mlango. Hakuwahi kumbeba, Gwen. Hata siku moja.

Sasa juzi muuguzi alimpigia Marlys simu, kwamba mzee hatulii, mchana kutwa anaita watu. Kumbe Marlys leo kaja na redio ya kaseti kwenye mkoba. Akaiweka mbali na kitanda, mzee asipoweza kuifikia, akawasha.

Tii-to, tii-to. Mzee akaitambua papo hapo.

"Zima hiyo."

"Inatuliza, baba. Si uliandika mwenyewe kwenye jalada?"

"Marlys, zima. Njoo unishike mkono tu."

Nishike mkono. Harlan huyo huyo.

Marlys akavaa koti lake polepole, kifungo kwa kifungo. Akamwambia, "Hata mimi nilitaka hivyo hivyo." Akaongeza sauti ya redio, tukatoka tukaiacha ikilia.

Nilidhani atalia garini. Wapi. Akataka tupite mgahawani, akala sahani nzima ya mayai na viazi, akamalizia na yangu. Anasema hajawahi kusikia njaa tamu namna ile.