Sindano Aliyoiacha Nekesa

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Burumba tuko wazima, na mama yako amemaliza kuvuna mtama. Umeniuliza kama kuna mwingine nyumbani, zaidi yako, aliyewahi kuacha sindano ya ugonjwa wa sukari ili apungue mwili. Ndiyo, ni dada yangu Nekesa, miaka ya sitini, tukiwa wasichana.

Mimi ndiye niliyemchemshia sindano. Siku moja nikamkuta akimwaga dawa nyuma ya jikoni, amekonda, midomo imekauka.

“Nikijidunga nanenepa,” akasema. “Na mkinitazama nikila, chakula kinanikwama.”

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Kweli sote tulikuwa tukihesabu matonge yake. Nilimshika mkono tukaenda kwa muuguzi, naye akamsikiliza bila kumkaripia, hata Nekesa akarudia sindano. Tangu hapo nilikula naye tukipiga gumzo tu. Aliteleza tena, akaiacha, tukarudi kwa muuguzi tena. Mwaka uliofuata alicheza kwenye harusi yangu mpaka akavua viatu.

Mwanangu, hukukosea kuniambia. Nenda leo kwa daktari, umweleze vile ulivyonieleza mimi. Mnene au mwembamba, mimi nakutaka uwe hai.

Ni mimi kukhu wako, nyanya anayekupenda.