Mlango Ulioukimbia, Ami

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo nakupa, maana wewe ni ndugu wa baba na adabu si hiari. Lakini nimesikia huko Tanga ulikohamia wawaambia watu kwamba kile chumba cha chai cha Likoni ulikijenga wewe, mimi nikakiharibu. Basi soma. Na kama miwani umeikalia tena, tafuta mtu akusomee kwa sauti, hapo hapo barazani, wasikie wote.

Wakumbuka Bi Sachiko, yule mama wa Kijapani, alivyotuletea mchoro? Alitaka chumba cha kunywea chai ya kwao, kijengwe na mafundi wa hapa: boriti za mkoko, chokaa, makuti, mbao zishikane kwa ulimi na tundu bila msumari hata mmoja. Ukatembea kifua mbele wiki nzima. Na sikatai, kwa patasi huna mfano. Ulinifunza kwa makonzi, na ile shule niliyoiacha darasa la saba haikunipa nusu ya hayo.

Kisha ukafika mlangoni. Kwenye mchoro haukufika hata kiunoni. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Huyu mama amechora banda la kuku."

Akakueleza taratibu kwamba hapo kila mgeni hutambaa, tajiri na maskini, na hiyo ndiyo heshima yenyewe.

"Mgeni haingii kwangu kwa magoti, mama," ukamjibu. "Sisi mgeni twamfungulia mlango wote."

Ukakata mlango wa kupita bwana harusi na kilemba chake. Alipokuomba uufupishe, ukabeba kikapu cha zana ukaenda zako. Fundi wa miaka arubaini, kashindwa na kijilango. Hata ile randa uliyoniahidi uliondoka nayo.

Nikaufanya mimi. Siku tisa, ami, peke yangu. Nilichonga fremu upya, na pale mbao zinapokutana unywele haupiti. Kapime.

Siku ya chai nikaalikwa, nikavaa kanzu ya Idi. Mheshimiwa mmoja mwenye tumbo alikwama mlangoni, nikamsukuma kwa nyuma kwa mikono miwili. Ndani tulikaa kwa magoti mpaka miguu ikafa ganzi. Bi Sachiko akapangusa bakuli lililokuwa safi tangu asubuhi, akakoroga unga wa kijani, nasi kimya kama watu wa matanga. Chai yenyewe mwarobaini una nafuu. Sukari hakuna, mahamri hakuna. Mheshimiwa akaninong'oneza, "Maziwa yaja saa ngapi?"

Lakini wana desturi moja: mgeni mkuu lazima aulize vitu vya mle ndani vimetengenezwa na nani. Mgeni mkuu alikuwa mzee wa kwao. Akapapasa boriti, akapapasa fremu ya mlango, akauliza, Bi Sachiko akanifasiria: fundi ni nani?

Wote wakanitazama. Wewe uko Tanga. Ningesema ni mimi, nani angebisha? Na kujisifu wanijua.

"Chumba ni cha ami yangu," nikasema. "Mlango ni wangu."

Mzee akainama mpaka paji likagusa mkeka. Labda nusu ya heshima hiyo ilikuwa yako. Hukuwepo, nimeichukua yote.

Haya, endelea kusema huko. Lakini siku ukija kukiona chumba chako, njia ni ile moja tu. Utatambaa, ami, nami nitakuwa ndani nakungoja.

Nakutakia afya ya magoti,
Mwana wa nduguyo