Kaka Yangu na Mistari Mitatu ya Mwisho

Fahima, Abdulwahid amenisaliti. Kaka yangu wa tumbo moja! Nimetoka mkutanoni sasa hivi.

Ni ule mjadala wa kama bangi iruhusiwe kisheria kama pombe. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, maoni yetu yakisomwa na wanaume. Yangu nilimpa yeye asubuhi. Mistari mitano tu.

Miwili ya kwanza: "Mimi ni muuguzi. Kliniki yetu hupokea majeruhi wengi zaidi wa pombe kuliko wa bangi." Mitatu iliyofuata: hiyo si sababu ya kuiruhusu bangi, kwani pombe imeruhusiwa na majeruhi hawajapungua.

Amesoma miwili. Miwili, Fahima! Kisha akasema, "Dada yangu Sundus, msomi, yuko upande wetu. Bangi iruhusiwe."

Bi Mwanamkisi alikuwa ubavuni mwangu. Akavuta buibui lake, akasogea mbali. "Mwanangu namleta kwako aate bangi, kumbe wewe ndiye wakili wake? Simleti tena." Mwanawe ana wiki sita hajavuta.

Nimemkabili Abdulwahid mlangoni. "Muda ulikuwa mfupi, dada."

Nikamwambia anirudishie karatasi. Imekatwa kwa mkasi chini ya mstari wa pili, imenyooka kabisa.

Mkasi! Ukumbini hapakuwa na mkasi. Alikata nyumbani, kwa utulivu, kabla hajaja.

Sasa nakwenda nayo kwa Bi Mwanamkisi. Akiniamini, Abdulwahid ataaibika mtaa mzima. Na aaibike.