Kabla ya Kufungua Daftari

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Kilosa ukungu umelala milimani na babu yako anasinzia barazani.

Unasema kwenye kompyuta ya hospitali daktari wa watoto hufungua kwanza uzito, wa upasuaji picha, nawe mwanafunzi wa udaktari hujui uanzie wapi. Nilipokuwa nesi kijana kwenye zahanati ya kijiji cha Tindiga, mzee mmoja mfugaji alinipa daftari lake la matibabu. Nikaanza kulisoma kabla ya kumwamkia. Akalifunika kwa kiganja, taratibu.

"Mimi bado simo humo."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Ndipo akanieleza maumivu ya kifua. Daftarini ulikuwa umeandikwa ugonjwa wa mguu tu.

Hadi leo nikisinzia nauona ule mkono ukinukia maziwa, umetulia juu ya maandishi, unanisubiri.

Bibi yako